Sindano za Pande Mbili

Malaba,
19 Januari 2025

Kaka Callistus,

Yoga, salamu kwa lugha ya nyumbani. Natumaini miguu yako ingali yako, baada ya maafande kuikimbiza tangu ufike huko. Hapa nyumbani tumeamka, tumekula, na jua limekataa kupumzika. Mama bado anauza chai na chapati kwenye foleni ya malori. Foleni yenyewe imerudi nyuma mpaka kanisani, kwa hivyo wateja ni wengi, ila wanakunywa wakiwa na hasira. Tata, bibi yetu, anakusalimia na magoti yake yote mawili. Mkeo Nasimiyu pia anakusalimia. Alisema kitanda kimekuwa kikubwa sana, halafu akaniambia nisiandike hivyo. Nimeandika.

Matokeo yetu ya kidato cha nne yametoka. Nimepata B ya kutoa. Mama alitangaza kwenye foleni, lori kwa lori, mpaka madereva wa Kampala wanajua alama zangu. Mmoja aliniita, "Profesa, ongeza sukari!" Nilijificha jikoni mpaka foleni iliposonga.

Sasa habari za mwanao. Mtoto amepata jina! Tata alichovya kidole kwenye ajono, akamwekea mdomoni huku akiita majina ya wazee mmoja baada ya mwingine. Mtoto alikunja uso kwa wote. Tata alipotaja Ejoku, jina la babu, akanyonya kidole kile kama aliyekuwa anakisubiri. Pombe ya wimbi ilimlegeza, akalala mpaka mchana. Basi yeye ni Ejoku, na usilete jina lingine kutoka huko.

Juzi alichemka kidogo. Tulimpeleka kwa Mulama, yule wa duka la dawa karibu na stendi. Mulama hakumpima chochote. Alimgusa shingo akasema, "Sindano moja tu, mama. Homa hii itakimbilia Uganda." Mimi ndiye niliyeshika miguu. Nasimiyu aliangalia ukutani. Kesho yake mtoto alikuwa baridi, na alitabasamu. Mama anasema ni hewa tumboni, mimi nasema ni tabasamu.

Tuandikie.

Dada yako,
Akwii


Kambini,
9 Februari 2025

Profesa Akwii,

Ongeza sukari. Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimepata wazimu. Nilimsomea habari za ajono na yeye akasema kwao mtoto hupewa jina na karani wa hospitali. Nimemhurumia.

Mimi ni mzima. Nimekonda, lakini ni ule ukondefu wa mtu anayekula. Simu zetu zimefungiwa kwenye kabati mpaka mafunzo yaishe, ndiyo maana hunisikii. Jumapili baada ya ibada tunaruhusiwa kuandika. Afande wetu hutuita "mizigo." Akikasirika anasema, "Mizigo isiyo na karatasi." Kwa mtu wa Malaba, hilo ni tusi la nyumbani.

Hongera kwa B. Baba angekuwa hai angechinja. Usijifiche jikoni siku zote. Watu wanaojificha jikoni huishia kuosha vyombo.

Nimefurahi kwamba Ejoku alipona haraka. Akichemka tena msingoje. Mulama si mbaya, lakini vukeni mpaka kwa yule musawo, tabibu wa upande wa Uganda, dawa zake ni kali zaidi. Nilipokuwa na kidonda cha mguu aliniambia nirudi kwa sindano nne. Nilidungwa mbili tu, nikapona, nikamwachia zake. Mwambie Nasimiyu asiogope daraja, askari wa pale wananijua.

Mwambie pia kuhusu kitanda kwamba changu ni chembamba sana.

Kaka yako,
Callistus


Malaba,
9 Machi 2025

Kaka Callistus,

Salamu kutoka kwa sisi sote. Mvua imeanza. Mama amepanda mahindi, na wimbi kidogo. Kuku wawili walikufa kwa ugonjwa, waliobaki Mama amewatilia kapsuli za rangi mbili kwenye maji ya kunywa na wamechangamka. Tata hajambo. Nasimiyu hajambo. Ejoku hajambo. Mama anasema shika mafunzo, mtu aliye katikati ya mto hageuki.

Dada yako,
Akwii


Kaka, karatasi hii ya pili Mama hajaiona. Ile ya kwanza niliiandika akiwa amesimama nyuma yangu. Ananikataza kukuambia kwa sababu anakujua. Anasema utaruka ua la kambi, na nafasi uliyoitafuta miaka mitatu itaenda kwa mtoto wa mwingine. Pengine ana haki. Lakini siwezi kuandika "Ejoku hajambo" na kuishia hapo.

Hatuko nyumbani. Niko kwenye benchi la hospitali ya masista, nje ya wodi ya watoto. Ejoku amelazwa.

Alichemka tena. Tulivuka kwa musawo kama ulivyosema. Alikuwa na maneno yake pia: "Hizi homa zenu za Kenya, mimi huzirudisha kwenu." Alimdunga, akasema turudi kesho. Kesho yake mtoto alikuwa amepoa na daraja lilikuwa limejaa, hatukurudi. Homa ikarudi yenyewe. Mama akasema tusihangaike na daraja, twende kwa Mulama. Mulama akadunga. Ikapoa, ikarudi, tukavuka. Kila mmoja alianza upya kama kwamba mwenzake hayupo, na sisi hatukumwambia yeyote habari za yule mwingine. Uliona lini mtu akimwambia Mulama kwamba ametoka kwa musawo? Angefukuzwa dukani.

Halafu Ejoku akaacha kunyonya. Kilio chake kikawa chembamba. Ukimlaza ananyamaza, ukimbeba kumbembeleza ndipo analia zaidi, na hilo lilitutisha kwa sababu mtoto hubebwa ili anyamaze. Utosi wake ulivimba, ukawa kama mkate uliokataa kushuka. Alipopata degedege mikononi mwa Nasimiyu, ndipo tulipopanda boda boda.

Daktari anaitwa Alinga. Ni mwanamke mfupi, anaongea polepole. Aliuliza, "Amepewa dawa yoyote kabla ya kuja?" Mama akajibu, "Hajapewa kitu, daktari. Ni maziwa ya mamake tu." Kuna mama mmoja mbele yetu aliyekuwa ametoka kugombezwa na muuguzi kwa sababu ya sindano za dukani, na Mama alikuwa amesikia. Nasimiyu aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kaka, na unanijua mbele ya watu.

Wanafikiri ni homa ya uti wa mgongo. Wanataka kumtoa maji ya mgongo ili wayapime, na Nasimiyu amekataa. Mtoto wa dada yake alitolewa maji hayo akafa siku hiyo hiyo. Wameanza dawa bila kujua wanapigana na nini.

Usiruke ua. Nimekuambia ili ujue, si ili uje.

A.


Kambini,
23 Machi 2025

Akwii,

Barua yako imekaa ofisini siku kadhaa kabla ya kunifikia, kwa hivyo ninaandika juu ya jambo ambalo huko kwenu limeshakwisha, hivi au vile. Sijui ninamuulizia mtoto gani, yule wa karatasi ya kwanza au yule wa karatasi ya pili.

Ametolewa maji? Mwambie Nasimiyu mimi nimekubali. La, usimwambie hivyo. Yeye ndiye anayemshika. Mwambie akubali mwenyewe. Mbona haandiki hata mstari mmoja? Amenikasirikia?

Mwambie daktari ampe dawa kali kuliko zote walizo nazo. Mwambie asianze na ndogo ndogo.

Leo tumefundishwa kubeba majeruhi. Unamweka mtu mzima mabegani na kukimbia naye. Mimi nilikuwa wa kwanza, afande akanisifu mbele ya wote, "Tazameni mzigo huyu unavyobeba mzigo." Nilikuwa nimebeba jamaa la Kitui lenye kilo zake, nikawa nawaza juu ya kitu chenye uzito wa kuku.

Usiniulize kama niliomba ruhusa.

Andika upesi. Andika hata kama ni baya. Usiweke karatasi mbili.

Callistus


Wodini,
6 Aprili 2025

Kaka Callistus,

Tata ndiye aliyeleta barua yako, ndani ya kapu la viazi vitamu. Ameachiwa nyumba na kuku. Mahindi yameota vizuri, magugu pia. Mama anapika chai nje ya geti la hospitali sasa, na ana wateja wake. Anajua kuhusu karatasi ya pili. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Na wewe ndiye mnyamavu wa nyumba hii."

Sikuulizi kuhusu ruhusa.

Ejoku yu hai. Nimeona niandike hilo mapema ili usome mengine ukiwa umekaa.

Nasimiyu hakukasirikii. Hasemi na mtu yeyote. Aliyemfanya akubali ni mama mmoja wa Port Victoria, mwenye kitanda jirani, anaitwa Mama Cindy. Ni muuza samaki na sauti yake ni ya sokoni. Alimwambia, "Wewe msichana, unadhani sindano ya mgongo ndiyo iliyomla mtoto wa dadako? Kuchelewa kufika ndiko kulikomla. Kama wewe unavyochelewa sasa ukiwa umekaa hapa hapa. Wangu walimtoa. Muone, ananipiga mateke kama anayenidai nauli." Nasimiyu alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu. Halafu akaitikia kwa kichwa, akatoka nje ili asione.

Mimi nilibaki nikamshika. Walimkunja kama kijusi, mgongo nje. Daktari aliniambia maji hayo yakiwa mazuri huwa kama ya mvua. Yalitoka kama maji ya kuoshea mchele.

Dawa iliendelea kwenye mshipa, na homa iliendelea nayo. Ndiyo dawa inayotumika kwa kila mtoto mwenye ugonjwa huu, na watoto wengine wa wodi walikuwa wanapoa, mmoja mmoja wanaenda nyumbani wakiwa wamefungwa mashuka ya rangi. Wetu anachemka. Nilianza kuwachukia watoto wale, Mungu anisamehe.

Basi nikamfuata daktari koridoni. Nilitembea nyuma yake mpaka mwisho wa korido kabla sauti haijatoka. Nikasema, "Daktari, alidungwa."

"Nani?"

"Ejoku. Kabla hatujaja. Upande huu, na upande wa Uganda. Si mara moja."

Aliuliza dawa gani. Nilimtajia jina, kwa sababu nililisoma kwenye chupa ya Mulama nilipokuwa nashika miguu. Akafumba macho kidogo. "Ndiyo hiyo hiyo tunayompa," akasema.

Matokeo ya maabara yalitoka baada ya hapo. Vijidudu vilivyokuwa kwenye maji ya mgongo viliwekewa dawa ile vikaendelea kuota. Daktari alituita, Mama na Nasimiyu na mimi, akatueleza. Alisema vijidudu vinakuwa sugu. Sindano moja huua vilivyo dhaifu, na vilivyo hodari vinabaki na kuzaa vingine kama vyenyewe. "Ninyi ni watu wa Malaba," akasema. "Dereva mgeni akisimamishwa na askari, anatetemeka. Dereva wa miaka mingi hata redio hazimi. Vijidudu hivi ni madereva wa miaka mingi."

Mama akauliza, "Kwa hivyo ni sisi?"

"Sijui, mama."

"Niambie tu. Mimi ni mtu mzima."

"Ningejua ningekuambia. Vijidudu vya namna hii viko kwenye maji, kwenye mikono, kwenye mifugo. Nimeviona kwa mtoto ambaye hajawahi kudungwa hata sindano ya dukani. Sote hapa mpakani tunameza dawa kila tukikohoa. Siwezi kukuonyesha sindano moja nikasema ni hii."

Nikamuuliza kama ingesaidia tungesema siku ya kwanza. Akasema, "Pengine tungeanza kutafuta nyingine mapema kidogo. Pengine la."

Kaka, nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa. Mtu akikugombeza, unajua umesimama wapi.

Uliniandikia nimwambie ampe dawa kali kuliko zote. Ipo, na haikai kila hospitali. Walipiga simu huku na huku, Kisumu hawakuwa nayo, Eldoret wakapata. Wakaisubiri ije kwa gari. Tukangoja. Sijui niandike nini kuhusu kungoja. Mama alimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Nasimiyu alimkamulia maziwa kwenye kikombe, wakawa wanampitishia kwenye mpira wa puani, na mengine anamwaga. Mama Cindy aliimba nyimbo za kanisa lake, zote, halafu akaanza upya. Mimi nilikuwa natazama geti. Kila gari lililoingia nilisimama, na lilikuwa la mkate, au la padri, au la mtu aliyepotea njia.

Boksi lenyewe lilipofika lilikuwa dogo. Mama alisema, "Ni hiki tu?"

Leo asubuhi homa imeshuka. Naogopa sentensi hiyo, lakini muuguzi amepima mara mbili. Ameanza kunyonya. Anafungua macho na kutazama. Ametulia sana, hata wodi ikipiga kelele analala vizuri. Mama anasema ndio utulivu wa babu Ejoku.

Dada yako,
Akwii


Kambini,
27 Aprili 2025

Akwii,

Eyalama, dada yangu. Eyalama noi, asante sana. Nilisoma "homa imeshuka" nikaenda nyuma ya jiko la kambi, mahali wanapotupa maganda, nikalia huko. Mpishi alinikuta akadhani ni vitunguu.

Mshukuru daktari. Mshukuru huyo mama wa Port Victoria na umwambie siku moja nitanunua samaki wake wote, hata waliolala.

Niliomba ruhusa. Nilijibiwa. Basi.

Mimi ndiye niliyewaandikia mvuke mpaka kwa musawo. Nimeandika na kufuta hapa mara nyingi, unaona karatasi ilivyochoka.

Nimesikia kutoka kwa Tata, kwa barua aliyoandikiwa na katekista, kwamba mmerudi nyumbani. Tata anasema mtoto ananenepa. Wewe hujaandika tangu mrudi, na Nasimiyu hajaandika kabisa. Katika barua yako ya mwisho umeniandikia kwamba ananyonya, analala, ametulia. Hata mahindi hutulia. Huku kuna jamaa mwenye mtoto wa umri wa Ejoku, anaandikiwa kwamba wa kwake anacheka, anageuka, anapiga kelele akiona njuga. Niambie wangu anafanya nini.

Tunamaliza mwezi wa saba. Nitakuja na sare. Niambie, Akwii.

Callistus


Malaba,
1 Juni 2025

Kaka Callistus,

Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa na Posta haikufungwa. Nilikuwa nangoja niwe na jambo la hakika, na sasa ninalo.

Nyumbani ni salama. Mahindi yametoa mbelewele. Mama amerudi kwenye foleni yake na madereva walimpokea kwa honi. Mke wa Omuse, jirani, alikuja wiki iliyopita kutuuliza kama tulibakiza ile dawa ya Eldoret, hata kidogo, kwa sababu binti yake ana homa na amesikia dawa ile ni kali. Nilimwambia haikubaki, ampeleke hospitali. Nilimweleza yote, kaka, mimi, nikiwa nimesimama katikati ya ua na watu wanapita. Madereva, vijidudu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kweli umesoma." Halafu nikamwona anateremka kuelekea kwa Mulama na mtoto mgongoni. Mama naye alienda kwa Mulama kugombana, akakuta akina mama wamejaa dukani. Alisimama kidogo akarudi. Nilimuuliza alisema nini, akanijibu, "Nimwambie nini? Alikuwa na kazi."

Ejoku ananenepa, Tata hakudanganya. Ana mikunjo mapajani. Anatabasamu, na safari hii hata Mama anakubali si hewa. Anashika kidole na hakiachii. Ukipita mbele yake anakufuata kwa macho mpaka mlangoni.

Hasikii.

Nasimiyu alijua kabla yetu. Ndiyo sababu hakukuandikia, hakutaka liwe kweli kwa kuandikwa. Mimi nilijua siku kifuniko cha sufuria kiliponiponyoka nyuma yake. Mimi niliruka, kuku waliruka, yeye aliendelea kutazama mkono wake. Nilikiokota nikakiangusha tena kwa makusudi. Halafu tena. Nasimiyu alitoka ndani akanishika mkono, akasema, "Acha, Akwii. Nimeshakiangusha sana."

Tulimpeleka Kisumu, daktari Alinga alituandikia barua. Walimwekea vitu masikioni na mashine. Masikio yote mawili. Wanasema ni ugonjwa wenyewe, hufanya hivyo hasa ukikaa siku nyingi kabla ya kupata dawa inayouweza. Niliuliza kuna dawa gani. Niliuliza ile kali kuliko zote. Yule daktari alikuwa mpole, alisema kilichokufa masikioni hakifufuki kwa dawa. Kuna vifaa, kuna shule, kuna lugha ya mikono, tutaelezwa akikua kidogo. Njiani kurudi Ejoku alikuwa anacheka na abiria wa kiti cha nyuma.

Sijachagua kozi ya chuo. Watu wananiuliza kila siku. Nitachagua.

Mama bado anamwamsha kwa kumwimbia. Hatujamkataza. Mtoto anatazama mdomo wake unavyofunguka na kufungwa, na anafurahi sana, kwa hivyo sijui kama tuna haki ya kumkataza.

Usimwandikie Nasimiyu chochote kuhusu kosa la nani. Mwandikie tu unarudi lini.

Na ukija, kaka, usiingie kwa kishindo kama zamani, na usimnyanyue kutoka nyuma. Anashtuka sana, anadhani dunia imemshika. Zunguka mpaka mbele yake. Vua kofia, chuchumaa, usiseme kitu. Ngoja kwanza akuone.

Dada yako,
Akwii